Chuma Kinachowaka Majini

Mafuta ya taa yananitia hofu. Najua ninyi wa rika langu mkiyanusa mnakumbuka koroboi, pua zenye masizi asubuhi na daftari lililodondokewa, na mnatabasamu. Mimi sitabasamu. Harufu ile ikinifikia, hata sasa nikiwa mama wa watoto watatu na mwenye duka la dawa za mifugo hapa Garsen, macho yanatafuta maji yako wapi. Watoto wangu hunicheka. Nyumbani tuna taa za sola, mafuta ya taa kwao ni kitu cha kwa jirani, na hawajui kwa nini mama yao akikaribishwa kwenye nyumba yenye stovu huketi karibu na mlango. Sijawahi kuwaeleza. Ninyi nitawaeleza, maana mnajua jinsi mtoto anavyoweza kukijua kitu nusu akadhani amekijua chote.

Mama yangu aliuza maziwa. Sisi ni Waorma, na kwetu ng'ombe ni wa baba lakini maziwa ni ya mama. Jumamosi, siku ambayo sisi wa shule ya msingi hatukusoma, nilifuatana naye hadi shule moja ya sekondari ya bweni, mwendo wa saa moja kutoka kijijini kwetu. Yeye alibeba vibuyu viwili vilivyofukizwa moshi, mimi kikombe cha kupimia. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa pia wa kwanza nyumbani kwetu kujua kusoma, na mama alihakikisha kila mteja amelisikia hilo kabla hajapewa maziwa yake.

Mteja wetu wa kudumu alikuwa mwalimu wa kemia, binti wa Kitaita aliyeletwa kwetu kwenye kazi yake ya kwanza. Wanafunzi walimwita Madam Mkawasi. Alikuwa mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na joto letu lilimtesa hata akawa anatembea na kitambaa chenye maji shingoni. Alinunua nusu lita, na kila mara aliuliza kama yamechemshwa.

"Mwalimu, maziwa ya mimi safi," mama alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kibuyu nafukiza moshi. Mdudu nakufa."

"Najua, mama, najua. Nitachemsha tu hata hivyo."

Jumamosi moja tulimkosa nyumbani kwake. Mama akaketi na wapishi wa shule, akanituma nikamtafute. Nilimpata maabara, anafundisha. Mlango ulikuwa umefungwa lakini dirisha liko wazi, basi nikapindua ndoo iliyokuwa hapo nje, nikapanda juu yake. Madam aliniona. Hakunifukuza.

Kwanza ilinijia harufu ya mafuta ya taa. Nilishangaa, maana ilikuwa mchana na taa haikuwepo. Juu ya meza palikuwa na chupa mbili za kahawia, na kutoka katika moja Madam alikuwa anatoa kwa koleo kipande cha kitu cha kijivu. Alikiweka juu ya kigae akakikata kwa kisu cha kawaida, kikakatika kama samli iliyoganda. Ndani kiling'aa kama shilingi mpya, na kabla sijamaliza kukitazama mng'ao ukafifia.

"Hicho ni chuma, Madam?" mvulana mmoja akauliza.

"Ni metali. Jina lake sodiamu. Haikai nje ya mafuta, hata hewa inaisumbua. Na maji... rudini nyuma kidogo."

Alidondosha punje ndogo kuliko ya mchele katika beseni la kioo lililojaa maji. Nilitegemea izame. Haikuzama. Ilijikunja ikawa duara, ikaanza kukimbia juu ya maji huku inafoka, ikakimbia hadi ikaisha. Kisha akafungua chupa ya pili. Alisema huyu ni mdogo wake, potasiamu. Potasiamu haikungoja. Ilipogusa maji tu iliwaka, moto wa rangi ya zambarau, juu ya maji matupu, ukazunguka huku na huku, kisha paa! Beseni likapasuka na maji yakamwagika mezani. Wasichana wa mbele walipiga kelele. Mimi nilishika dirisha kwa mikono miwili.

Kwetu maji ndiyo yanayozima moto. Hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Sasa nilikuwa nimeona moto uliowashwa na maji, na nilisimama juu ya ndoo ile nikijiuliza mtu akiwaka hivyo atakimbilia wapi.

Madam alipangusa meza, akageukia chati kubwa ukutani, yenye miraba mingi kama mkeka. "Msiogope," alisema, ingawa mwenyewe alikuwa bado anahema. "Hizi elementi zimepangwa kwa familia. Safu hii ya kushoto ni familia moja. Lithiamu, sodiamu, potasiamu, na wengine huko chini ambao shule hii haitawaona kamwe. Kila mmoja ana kitu kimoja cha ziada anachotaka kumpa mtu, na hatulii mpaka ampe. Na unavyozidi kushuka ndani ya familia, ndivyo ukali unavyozidi. Kifungua mimba ni mpole. Wadogo ndio hatari."

Darasa likacheka. Mimi, kifungua mimba, nilimfikiria ndugu yangu Godana, mwenye mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa anamuuma kila anayembeba, nikaona chati inasema kweli tupu.

"Madam, mtu akiimeza je?" akauliza yule mvulana.

"Aimeze?" Madam alimkazia macho. "Mwili wako ni mfuko wa maji, kijana. Utawaka kutoka ndani, na hakuna atakayeweza kukuzima."

Wakacheka tena. Madam akainua kidole. "Sasa nyamazeni, sehemu muhimu ndiyo hii. Hawa wakali, wakikutana na familia ile ya upande wa kulia..."

"Wewe! Maziwa yanaharibika!" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kiunoni. Alinishusha kwenye ndoo kwa sikio.

Jioni nilimsimulia bibi yangu, mama mzaa baba, tuliyemwita Akko. Nilimwambia nimeona maji yakiwaka. Akko alikuwa anasuka kamba. Aliiweka chini, akaniambia nikasuuze kinywa na nimwombe Mungu msamaha, kwa sababu mtoto anayeanza na uongo mkubwa kiasi hicho haijulikani ataishia wapi. "Nimeishi kando ya mto huu miaka yangu yote," alisema. "Kama maji yangekuwa yanawaka, ningekuwa nimeshayaona." Mama naye akanipiga marufuku dirisha la maabara. Nilisuuza kinywa. Lakini nilijifunza kwamba ukweli wangu hauaminiki, na somo hilo lilikuja kunigharimu.

Msimu uleule mto ulivimba. Aliyelelewa kando ya Tana anajua ulivyo: mvua inaweza kunyesha huko bara, kwenu mbingu nyeupe kabisa, na maji yakapanda. Baba na wanaume wengine waliwahamisha ng'ombe kwenye nyika ya juu. Sisi wanawake na watoto tulihamia mwinuko mmoja karibu na Minjila, tukaishi chini ya maturubai, maji yametuzunguka pande zote. Wenzangu waliogopa mamba na nyoka. Mimi niliogopa zile chupa mbili. Shule ilikuwa bondeni. Kama punje moja ilipasua beseni, chupa nzima itaufanya nini mto? Nilikaa ukingoni nikitazama upande wa shule, nikingoja Tana iwake moto wa zambarau kutoka kona hadi kona, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya tatu boti iligusa kwetu kuteremsha magunia ya unga. Ndani walikuwamo walimu wa sekondari, na katikati yao Madam Mkawasi, amekumbatia kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa leso. Harufu ya mafuta ya taa ikanifikia. Nikasogea.

"Madam, ni zile?"

"Ni zile," alinong'ona. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ningeziacha wapi, na maji yameshafika dirishani? Usiseme kitu. Wakijua watanishusha."

Boti ikaondoka kuelekea mwinuko mwingine, walikopelekwa walimu, na nilimtazama Madam hadi akawa doa. Alikuwa amekaa wima kabisa, hajiegemezi popote, na maji yanarukia ubavuni mwa boti.

Baada ya hapo watoto wakaanza kuharisha. Alianza wa turubai la mwisho, wakafuata wengine, na asubuhi moja Godana hakuinuka kuja kuniuma. Siku hiyohiyo pia akaanza Sadia, mtoto wa jirani yetu wa turubai lililofuata. Mama Sadia alikuwa Msomali, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi. Sadia na Godana walikuwa rika moja, na mama zao waliwaogesha katika karai moja. Kwa kuwa mama alisema Kiorma na mwenzake Kisomali, walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Mhudumu wa afya, Mpokomo mmoja mpole, alikuja na mtumbwi. Aligawa pakiti ndogo za fedha, mbili kwa kila mwenye mtoto. Alieleza upesi, maana wagonjwa walikuwa wengi mbele yake: changanya na maji yaliyochemshwa, lita moja, mnyweshe kijiko kijiko. Akasukuma mtumbwi akaenda.

"Umesikia?" Mama Sadia alimuuliza mama.

"Nasikia nusu. Lakini mtoto yangu nasoma." Mama akanipa pakiti, mbele ya jirani yake, kwa fahari ileile ya Jumamosi. Kisha kwa Kiorma: "Soma, tuhakikishe."

Herufi zilikuwa ndogo na za Kiingereza. Nilisoma mstari wa kwanza. Sodiamu. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Sodiamu. Nikashuka. Potasiamu. Wote wawili, kaka na mdogo wake, wamesagwa wakawa unga. Nyuma ya kila jina kulikuwa na neno jingine, kloraidi, ambalo sikulijua, nikaliruka. Na chini kabisa, kwa herufi nzito, maagizo: changanya na maji, mpe mtoto anywe.

Nilimwona Madam akimkazia macho yule mvulana. Utawaka kutoka ndani. Nilimtazama Godana amelala kwenye mkeka, tumbo likipanda na kushuka, nikaona moto wa zambarau ukimtoka kinywani. Nilifikiri, wamezipata chupa za Madam, wamezisaga, na hawajui. Nilitaka kusema. Lakini ningesema nini? Kwamba unga huu utashika moto kwa maji? Akko alikuwa ameketi palepale, na nilikuwa nimeshasuuzishwa kinywa kwa maneno hayo. Basi nikatafuta uongo unaofanana na ukweli.

"Imeandikwa asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili," nilisema.

Mama Sadia akaninyooshea ya kwake. "Na hii? Angalia hii yangu nasema nini."

Nilipitisha macho juu yake, sekunde moja tu. "Hiyo pia."

Akko ndiye pekee aliyeshuku. "Serikali ilete dawa ya watoto," alisema, "halafu iandike wasipewe watoto?"

"Wewe umesoma wapi?" mama akamjibu, na hakuwahi kumjibu hivyo mkwewe. "Aliyesoma ni huyu."

Pakiti zetu aliziingiza chini ya mkeka. Mama Sadia alizifunga zake katika ncha ya leso.

Siku mbili zilizofuata nazikumbuka kwa harufu na kwa ukimya. Godana aliacha kulia kwa sauti. Mama alimpa maziwa akayatapika, akampa maji matupu yakapita moja kwa moja. Macho yake yalizama. Akko alimfinya ngozi ya tumbo, kama tunavyomfinya ndama anayeharisha, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Kwa ndama, ngozi ikisimama hivyo, wanaume hujiandaa kuchuna. Hilo nililijua, na nilijua Akko amelifikiria.

Asubuhi ya siku ya tatu boti ilipita ikiwa imejaa, ikabakiza nafasi moja. Mama Sadia ndiye aliyekuwa karibu na maji. Aliingia na mtoto wake kifuani, kuelekea hospitali. "Kesho itarudi," mama alisema. "Kesho sisi."

"Kesho," Akko alirudia, akamtazama Godana, akageuza uso.

Adhuhuri Godana alikunja uso akalia, na hakuna chozi lililotoka. Nilimpangusa shavu kwa kidole. Lilikuwa kavu kama karatasi. Hapo ndipo hesabu mpya iliponijia kichwani, na hadi leo hunirudia. Nilisema moyoni: huyu sasa hana maji. Asiye na maji hawezi kuwaka. Nitampa unga huu hivihivi, mkavu, juu ya ulimi mkavu, na kama ni dawa itamfaa, na kama ni moto hautapata maji ya kuuwasha. Nilitoa pakiti chini ya mkeka. Mama alikuwa ameinama kwenye jiko la mawe, Akko anasali. Niliichana. Nilichovya kidole. Kidole kilikuwa kimefika kwenye midomo yake nilipoona mate kidogo, uzi mwembamba, kwenye kona ya kinywa.

Nikakirudisha. Kama nimekosea, basi ni mimi niliyemwasha. Nilitoka na pakiti nyuma ya maturubai, mbali na watu, ili moto usimpate mwingine. Nilivua leso niliyojitanda, maana ilikuwa ya mama na angeihitaji, nikaikunja nikaiweka juu ya jiwe. Nilitoa shahada, kama tulivyofundishwa madrasa kwa anayekufa. Kisha nikafumba macho, nikautoa ulimi wangu wote uliojaa mate, nikamwaga unga juu yake.

Nilingoja. Nilihesabu hadi kumi, nikahesabu tena. Ulimi haukufoka wala haukupiga paa. Ilikuwa chumvi. Chumvi, na kwa mbali sukari.

Sijui nilifikaje kwa mama. Nakumbuka nimeshika gauni lake nikisema, "Nilidanganya, nilidanganya, haijaandikwa hivyo," na nakumbuka nilijikinga uso kwa mkono mmoja. Hakunipiga. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Imeandikwa nini?"

"Apewe. Kwa maji. Lita moja."

"Soma yote," mama alisema. "Usiache neno."

Nilisoma yote, pamoja na maneno nisiyoyajua, huku nalia. Ile niliyoichana tuliiweka kando, tukafungua ya pili. Alipima maji yaliyochemshwa kwa kikombe chetu cha maziwa. Akko alishika kichwa cha Godana, mama akashika kijiko. Kijiko kimoja, ngoja. Kimoja tena, ngoja. Alitapika, wakaendelea. Kila kijiko kilipoingia nilitazama tumbo lake, kwa sababu hofu haikunitoka kwa kuonja mara moja, na nilikuwa tayari kumwangukia nimfunike kwa mwili wangu. Baada ya sala ya alasiri nguo aliyolalia ililowa, na Akko akapiga vigelegele kwa sababu ya mkojo. Jioni alimuuma mama kidole. Mama akaketi chini akalia hadi pumzi ikamwishia.

Siku iliyofuata nilisimama ukingoni kungoja boti. Nilikuwa nimepanga maneno: Mama Sadia, nilisoma vibaya, mpe. Boti ikaja, yeye hayumo. Akaja keshokutwa yake. Alishuka na leso aliyokuwa amembebea Sadia, imekunjwa vizuri mara nne, ameishika kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuja moja kwa moja kwenye turubai letu, akaketi.

"Daktari nasema maji iliisha kwa mwili," alimwambia mama. "Nasema nimechelewa."

Godana alikuwa anatambaa miguuni pake. Alimwinua akampakata. Mimi nilifungua kinywa, na mkono wa mama ukanishika kifundo cha mkono, ukakaza hadi mfupa ukauma. Nikafunga kinywa.

Tulipobaki peke yetu mama alisema, "Hutamwambia. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukimwambia, utakuwa umeutua mzigo wako na kumtwisha yeye." Sijui kama alikuwa na haki. Sijui pia kama pakiti ile ingemwokoa Sadia. Labda ugonjwa wake ulikuwa mzito zaidi. Labda. Neno hilo nimelitafuna tangu siku ile na halijaisha ladha.

Maji yalipopungua tulirudi kuuza maziwa. Madam Mkawasi alikuwa amekonda. Aliniambia, bila kuulizwa, kwamba siku zote zile alilala ameketi, kisanduku katikati ya miguu, akiogopa turubai litavuja.

"Madam," nilisema, "wale wakali wakikutana na familia ya upande wa kulia, inakuwaje?"

Alishangaa kuwa nilikumbuka. "Wanaungua," alisema. "Sodiamu na klorini wakikutana wanaungua vibaya, na yule klorini peke yake ni sumu. Lakini kinachobaki ni kloraidi ya sodiamu. Chumvi. Ile ya ugali wenu... ya mchuzi wenu. Wewe umewahi kuona jivu linashika moto? Basi. Aliyekwisha kutoa alichonacho ametulia, hata umtie majini."

Niliketi chini palepale mlangoni kwake. Neno nililoliruka ndilo lililosema kwamba moto umekwisha. Madam alidhani naumwa, akanipa maziwa yetu wenyewe ninywe, yaliyochemshwa.

Godana sasa ana ndevu, anaendesha lori la ng'ombe, na bado huuma, kwa maneno. Na Mama Sadia yupo. Amezeeka, amebaki na stovu yake ya zamani, hataki gesi. Miaka yote hii huniletea vitu nimsomee: dawa ya minyoo ya mbuzi, ujumbe wa simu, barua ya chifu. Hunitambulisha kwa watu kuwa mimi ndiye msomaji wake. Kila aingiapo dukani, kabla sijamwona, harufu humtangulia.

Juzi aliingia akanyoosha mkono wenye harufu ile, na kiganjani kuna pakiti ndogo ya fedha. Mjukuu wake anaharisha. "Nisomee, mwanangu," alisema.

Niliichukua. Nilisoma neno kwa neno, nikiweka kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa chekechea: jina la kwanza na neno linalolifuata, la pili na linalolifuata, maji kiasi gani, kijiko kijiko, hata akitapika. Nilimaliza nikaanza upya. Hakunikatiza. Aliegemea kaunta akanitazama mdomoni muda wote, na nilipomaliza mara ya pili aliifunga pakiti katika ncha ya leso yake, akakaza fundo.

"Ile siku ulisoma haraka," alisema. "Leo umesoma pole pole."

Kisha akanigusa shavu kwa mkono ule unaonuka mafuta ya taa, akaenda kumpa mtoto dawa.